Mungu ni Mmoja: Utafiti wa Frans Wijsen katika Usukuma

Mwishoni mwa mwaka 1878 kundi la kwanza la Wamisionari wa Afrika, ambao watu wa nchi wamezoea kuwaita Mapadre Weupe, lilifika Kageyi, katika ufuko wa kusini wa Ziwa Viktoria. Hawakuja kwa ajili ya Wasukuma. Nia yao ilikuwa kufika Buganda kwa Kabaka Mutesa, na Kageyi kwao ilikuwa mahali pa kupatia mitumbwi tu. Padre Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa, wakafika Entebbe tarehe 17 Februari 1879. Mambo yalipokuwa magumu huko, mapadre walirudi kusini mwishoni mwa 1882, wakajenga misheni Bukumbi, karibu na Mwanza. Hivyo Usukuma ulipata misheni yake kwa sababu Buganda haikukalika.

Yaliyofuata katika pande mbili za ziwa hayakufanana hata kidogo. Katika Buganda watu walibatizwa kwa wingi, na wengine wakafa kwa ajili ya imani yao kabla ya miaka kumi kupita. Katika Usukuma watu waliwakaribisha mapadre kwa heshima, wakasikiliza maneno yao, kisha wakarudi kwenye mashamba yao na ng'ombe wao. Miaka mia moja baadaye Wasukuma wengi walikuwa bado hawajaingia kanisani wala msikitini. Wamisionari wa zamani walieleza jambo hili kwa maneno mepesi: ushupavu, kupenda ngoma, kuoa wake wengi. Maelezo hayo yalimwonyesha Msukuma kama mtu aliyepungukiwa na kitu fulani. Hayakumwuliza anacho nini.

Swali hilo la pili ndilo alilolishughulikia Frans Wijsen, mwanateolojia Mkatoliki wa Uholanzi, ambaye baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Nijmegen. Kitabu chake kikubwa juu ya Usukuma kilitolewa mwaka 1993, na jina lake kwa Kiswahili ni sawa na kusema "Mungu ni Mmoja Tu". Ni kitabu cha teolojia na cha elimu ya jamii kwa pamoja, nacho chahusu dini ya watu wa kawaida na uinjilishaji. Kuunganisha elimu hizo mbili si jambo dogo. Mwanateolojia aliyezoea kuanza na mafundisho ya Kanisa hana budi kukaa kwanza na kusikiliza, na ni baada ya hapo tu ndipo apime.

Jina la kitabu lastahili kutazamwa, kwa maana sentensi ile ile yaweza kubeba maana mbili zinazopingana. Katika katekisimu, "Mungu ni mmoja" ni amri: kwa kuwa ni mmoja, usifuate njia nyingine. Katika kinywa cha mwanakijiji ni ruhusa: kwa kuwa ni mmoja, njia zote zaelekea kwake, na hakuna kosa mtu akizijaribu zote. Padre na mkulima waweza kuitamka sentensi hiyo pamoja, wakaitikiana, kila mmoja akaenda zake akidhani wamepatana.

Mkulima huyo si mpumbavu, wala si mnafiki. Katika itikadi ya Wasukuma, Mungu, ambaye huitwa Liwelelo na majina mengine, ndiye asili ya vitu vyote, lakini hasumbuliwi kwa kila jambo. Mambo ya kila siku yamo mikononi mwa wahenga, yaani masamva, ambao ni wazee wa ukoo waliokufa, na ambao hukasirika wakisahauliwa. Mtoto akiugua, baba yake humwendea nfumu, ambaye huchinja kuku na kusoma matumbo yake ili ajulishe ni mhenga gani ananung'unika, au ni jirani gani ana husuda. Baba huyo huyo aweza kumpeleka mtoto hospitali siku ya pili na kumwomba padre sala siku ya tatu. Anachotafuta ni uzima wa mtoto, nao aliyeuleta atashukuriwa.

Wijsen alilieleza jambo hili zaidi katika kitabu alichokiandika pamoja na Ralph Tanner, kilichotolewa Nairobi mwaka 2000, kuhusu dini na jamii ya Usukuma toka 1945 hata 1995. Tanner alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni katika Tanganyika, naye alikuwa ametoa kitabu chake mwenyewe mwaka 1967 juu ya mabadiliko ya imani za Wasukuma. Jina la kitabu cha pamoja lataja kutafuta maisha mema, na humo ndimo hoja yao ilimo. Dini ya Msukuma hupimwa kwa matunda yake hapa duniani: afya, watoto, mvua, ng'ombe, amani na majirani. Kanisa lilipoleta zahanati na shule lilipokelewa. Lilipodai moyo wote wa mtu, lilingojeshwa.

Ni haki kusema kwamba si wamisionari wote walioshindwa kuliona jambo hili kabla ya maprofesa. Padre David Clement, mtu wa Quebec, alijenga Bujora, nje kidogo ya Mwanza, kanisa lenye umbo la nyumba ya Kisukuma. Altare yake ina umbo la kiti cha mtemi, na tabernakulo ni kinyumba cha msonge. Sikukuu ya Ekaristi, inayoitwa Bulabo, ilifanywa kuwa siku ya mashindano ya ngoma baina ya Bagalu na Bagika. Kila mwenye kujua ngoma za Kisukuma ajua kwamba vyama hivyo viwili havishindani kwa miguu peke yake, bali kwa dawa pia. Maandamano ya Ekaristi na dawa ya kuvuta watazamaji vilikutana katika uwanja mmoja, na jua halikusimama.

Walakini hoja ya maisha mema ina upande wake wa giza. Katika miaka ya 1970 na 1980, mikoa ya Mwanza na Shinyanga iliongoza katika mauaji ya vikongwe walioshukiwa uchawi, mara nyingine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Waliowaua nao walidai kuwa wanatafuta uzima wa nyumba zao. Hapa kumweleza mtu kwa kusema kwamba hutazama faida tu hakutoshi. Laurenti Magesa, mwanateolojia wa Kitanzania kutoka upande wa Musoma, aliyefariki mwaka 2022, aliandika mwaka 1997 kwamba dini ya Kiafrika ni dini kamili yenye sheria za maadili: chenye kukuza uhai ni chema, chenye kuupunguza ni kiovu, na uchawi ndio uovu mkubwa kuliko wote. Kwa kipimo hicho mila yenyewe yaweza kuulizwa ni nani aliyeupunguza uhai, kikongwe au aliyemkata panga. Katika jambo hili Magesa amekwenda mbali kuliko Wijsen na Tanner, ingawa wao ndio waliokijua kijiji cha Usukuma kwa karibu zaidi.

Mwaka 2002 Wijsen na Tanner walitoa kitabu kingine, ambacho jina lake lamaanisha "Mimi ni Msukuma tu". Humo wanaonyesha jinsi utambulisho huo ulivyojengwa kidogo kidogo. Sukuma ni kaskazini, kama dakama ilivyo kusini. Lilikuwa neno la kuonyesha upande, likawa jina la kabila kubwa kuliko yote nchini. Katika jina la kitabu neno lenye uzito ni "tu". Mwenye kusema hivyo hakusema kwamba ni Mkristo, wala Mwislamu, wala kwamba hana dini. Sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho Tanzania kuwauliza watu dini zao, nayo ilikuwa na visanduku vichache vya kumwekea mtu wa namna hiyo.