Laini ya Inga na hesabu ya mwanakijiji

Mwaka 1982 laini ya umeme ya Inga ilifika Kolwezi: karibu kilometa 1,700, juu ya viwanda vya shaba. Ilipita juu ya vijiji vyenye vilibaki gizani, kwani umeme wake ni wa mkondo mnyoofu, na kuushusha njiani kunaomba kituo cha bei kali sana. Ukipima kwa kilometa na megawati, kazi ilifanyika. Ukiuliza mama wa kijiji alipata nini, hesabu ile haina jibu.

Marekani ilikuwa imelazimisha uchunguzi wa athari kwa miradi ya serikali yake tangu sheria ya 1969. Kwetu, sheria ya mazingira yenye inauomba ni ya tarehe 9 Julai 2011. Njia yenyewe iko wazi: mbele ya mashine kufika, unaandika hali ya mwanzo, yaani mashamba, michikichi, visima, makaburi. Kisha unalinganisha maisha pamoja na mradi na maisha bila mradi.

Kwetu siye waagronomi, hapo njo kazi iko. Mchikichi ukikatwa bila kuandikwa, mwenyewe atadai kwa ushahidi gani? Inga 3 ikianza, daftari itangulie katapila.