Nyimbo za Wazee Hukaa Wapi?

Kijana mmoja mpiga gitaa, anayewatumbuiza watalii katika hoteli za hapa Arusha, aliniuliza azipate wapi nyimbo za asili za Ayalandi na Uingereza. Wageni wanaziomba, naye anaijua moja tu, ile ya Waskoti inayoimbwa mwaka unapokwisha. Nilimwambia kazi yake ni nyepesi, maana wako waliohangaika mapema.

Mwaka 1903, katika kijiji cha Hambridge, mwalimu wa muziki Cecil Sharp alimsikia mtunza bustani, John England, akiimba huku akikata majani. Akauandika wimbo ule, na tangu hapo akawa mtu wa kuzunguka vijijini akiwasikiliza vibarua na vikongwe. Mwaka huohuo Francis O'Neill, mzaliwa wa Ayalandi, alitoa kitabu chenye tuni 1,850 za kwao. Huyu alikuwa mkuu wa polisi wa jiji la Chicago, jamani! Nyingi alizipata kwa wahamiaji wenzake, wakiwamo askari wake mwenyewe.

Moto huo ulifika hadi kwetu. Ralph Vaughan Williams, mtunzi aliyekusanya nyimbo za wanavijiji wa Uingereza, ni mmoja wa waliomtia moyo Hugh Tracey, Mwingereza aliyekwenda Rhodesia ya Kusini kulima tumbaku akanaswa na nyimbo za vibarua wa shambani. Mwaka 1950 Tracey alipita Tanganyika na mashine ya kunasa sauti, akawarekodi Wagogo, Wahaya na wengineo. Sauti hizo zimetunzwa Afrika Kusini, katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954.

Sasa tutazame hapa mlimani. Mwaka mmoja tu baada ya ziara hiyo, Novemba 1951, Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Nyumba zao zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Maneno yake yameandikwa, na kesi yenyewe ina kitabu, kilichotoka mwaka 1967. Lakini je, waliofukuzwa waliimba nini njiani? Akina mama waliwabembeleza watoto kwa wimbo gani usiku ule? Na Kirilo aliporudi, alipokewa kwa wimbo gani?

Tracey alihitaji gari zima kubeba mitambo yake. Leo simu ya mfukoni inatosha. Aliyekuwa na miaka 10 wakati ule sasa amevuka 80. Wapo bado, Poli, Akeri na Nkoaranga.