Mpwapwa: Maji ya Mwisho Kabla ya Ugogo

Mpwapwa, mji mdogo ulio chini ya milima ya Kiboriani katika Mkoa wa Dodoma, hautajwi mara nyingi na watu wanaotafuta mahali pa kutembelea wakati wa likizo, ingawa katika karne ya 19 jina lake lilijulikana sana kwa wapagazi waliotoka Bagamoyo kuelekea Unyanyembe, huko bara. Umaarufu huo ulitokana na vijito vinavyoshuka milimani, kwa kuwa hapo ndipo misafara ilipopata maji matamu ya mwisho kabla ya kuingia Marenga Mkali, yaani nyika kame iliyoutenga mji na nchi ya Wagogo, ambao kwa lugha yao maji huitwa malenga.

Nyika hiyo ilivukwa kwa terekeza, mwendo wa alasiri ambao taratibu zake zilijulikana na kila mnyampara, yaani msimamizi wa wapagazi. Chakula kilipikwa mapema, vibuyu vikajazwa, na msafara ukaondoka jua likiwa bado kali, kila mpagazi akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi begani; usiku walilala porini pasipo maji, na kabla ya alfajiri walikuwa wameshaanza tena safari. Aliyemwaga kibuyu chake njiani hakuwa na mahali pa kukijaza, kwani hata maji ya Chunyo, mwanzoni mwa nyika, yalikuwa na chumvi.

Ng'ambo ya nyika, watemi wa Ugogo walitoza hongo, ushuru wa kupita uliolipwa kwa merikani (kitambaa cheupe cha pamba), kaniki na ushanga. Wasafiri wengi wa Ulaya waliuita unyang'anyi, lakini hukumu hiyo haikuwa ya haki, kwa sababu msafara wa mamia ya watu uliweza kukausha kwa siku chache maji ambayo wanakijiji na ng'ombe wao waliyategemea kiangazi kizima, na mwenye kisima alikuwa na haki ya kudai fidia.

Mvumbuzi Henry Morton Stanley alipita Mpwapwa mwaka 1871, na mwaka 1878 wamisionari wa Kianglikana wakaimarisha kituo chao hapo. Wajerumani nao walifuata maji yaleyale: kituo chao kilishambuliwa mwaka 1889 na wapiganaji wa Bushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani, na kabla ya mwaka huo kwisha kamanda wao Hermann von Wissmann alikuwa amejenga ngome mpya mjini.

Kilichoubadilisha mji zaidi ya vita ni reli ya kati, ambayo ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Dodoma mwaka 1910. Reli hiyo ilipita Gulwe, kusini mwa mji, ikauacha Mpwapwa kando. Gari moshi lilibeba maji yake lenyewe na halikuhitaji kulala chini ya Kiboriani, na wapagazi, ambao kwa miongo mingi walikuwa wamebeba mabegani meno ya ndovu na mitumba ya nguo, walitoweka katika njia hiyo, huku Dodoma ikikua kuwa mji mkuu wa uwanda wa kati. Mgeni anayetoka Mpwapwa leo kuelekea magharibi hufika Chunyo kwa muda mfupi, bila kibuyu.