Mtandao Umekatikia Wapi? Historia Fupi ya Ufundi wa Intaneti Mombasa

Kazi ya kurudisha intaneti majumbani bado ni changa hapa Mombasa, lakini ina historia yake, na historia hiyo ndiyo inayomwonyesha fundi aanzie wapi kutafuta kosa. Mimi niliingilia kwenye saiba moja ya Digo Road, enzi ambazo Kenya iliungana na dunia kwa setilaiti. Setilaiti hizo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe ulipanda huko, ukateremka Ulaya au Marekani, kisha jibu likafuata njia hiyo hiyo kurudi. Karibu nusu sekunde ilipotea angani tu. Majumbani, mwenye uwezo alipiga simu kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde. Picha ya megabaiti 1 ilichukua zaidi ya dakika 2, na mtu akiinua simu ya sebuleni, kila kitu kilikatika.

Aliyenifundisha alikuwa mzee wa Kibokoni, fundi wa redio tangu ujana wake. Yeye alitafuta kosa kwa sikio. Modemu isiposikia mlio wa laini, waya wa simu umekufa. Ikipiga na upande wa pili usiitikie, basi kosa liko kwa mtoa huduma. Ikiitikiwa, zikapigiana kelele, halafu ikakatwa, tazama jina na nywila, au uliza kama bili imelipwa. Aliniambia, "Mwanangu, usiguse kitu kabla hujajua ujumbe umefika wapi." Kauli hiyo ndiyo naifanyia kazi mpaka leo.

Mwaka 2009 mambo yaligeuka. Mwezi Juni kebo ya TEAMS iliyotandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, ilifika Mombasa, na Rais Mwai Kibaki akaja kuipokea Fort Jesus. Julai SEACOM ikaanza kazi, na 2010 ikafuata EASSy. Intaneti ikatoka saiba ikaingia majumbani, na pamoja nayo kikaja kisanduku ambacho wengi hawakuwahi kukiona: ruta.

Ruta ilileta aina mpya kabisa ya kosa. Zamani kompyuta moja ilikuwa na laini moja. Sasa nyumba nzima, simu, runinga na kompyuta, vilitoka nje kupitia anwani moja. Mpango huo ulibuniwa miaka ya 1990, wataalamu walipoona kwamba anwani za intaneti, zipatazo bilioni 4.3, hazingetosha dunia. Mwaka 1994 mafungu kadhaa yalitengwa yatumike ndani ya nyumba na ofisi tu, likiwemo lile linaloanza na 192.168. Ndiyo maana ruta ya Kisauni na ya Likoni zote zinaweza kujiita 192.168.1.1 zisigombane. Februari 2011 akiba kuu ya anwani za intaneti ilikwisha, lakini nyumba zetu zikaendelea kuungwa, kwa sababu ya mpango huo huo.

Basi fundi akalazimika kujua kusoma anwani. Kompyuta inayoonyesha 169.254 imeomba anwani kwa ruta ikakosa kujibiwa, ikajipa yenyewe. Hapo hakuna haja ya kumpigia simu mtoa huduma: kosa liko kati ya kompyuta na ruta, pengine waya umelegea, au ruta imeacha kugawa anwani. Inayoonyesha 192.168 imepata anwani, na upekuzi unasogea hatua moja mbele.

Lakini hata hapo kuna mtego. Nyumba moja ya Tudor niliitwa na bi mkubwa aliyesema, "Simu yangu inashika, kompyuta ya watoto imekataa." Taa zote za ruta zilikuwa za kijani. Kompyuta ilikuwa na anwani nzuri, ila ilianza na 192.168.0, na lango lake la kutokea nje lilikuwa 192.168.0.1. Simu ya mama ilikuwa kwenye 192.168.1. Nikafuata waya mpaka chumba cha juu, nikakuta ruta ya zamani iliyochomekwa ili Wi-Fi ifike kwa watoto. Nayo ilikuwa ikigawa anwani, na kila kifaa kilichopewa nayo kilielekezwa kwenye lango lisilo na njia ya kutoka. Nikazima ugawaji wa anwani kwenye ile ya zamani, nikaipa 192.168.1.2, nikaacha waya kwenye tundu la LAN. Kompyuta ilipounganishwa upya ikashika. Hakuna kifaa kilichonunuliwa.

Chombo ninachokitegemea zaidi ni ping, programu ndogo aliyoiandika Mike Muuss huko Marekani, Desemba 1983. Naanza kuita ruta, kisha anwani ya nje kama 8.8.8.8, kisha tovuti kwa jina lake. Ruta ikijibu na nje kukawa kimya, kosa liko kuanzia ruta kwenda nje. Nje ikijibu kwa namba lakini jina likakataa, huduma ya kutafsiri majina kuwa namba ndiyo mbovu, na kubadilisha namba zake kwenye mipangilio huwa kunatosha.

Wakati mwingine kosa liko mbali kuliko mteja anavyodhani. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikaikata TEAMS, na intaneti ikazorota nchini. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, na Tanzania ikaumia sana. Siku kama hizo ruta ya nyumbani ni nzima, na anayeichokonoa anajiongezea tabu.

Hilo ndilo linaloniudhi. Siku hizi, faiba ikiwa imeingia mitaani, ushauri wa kwanza ambao watu hupewa kwa simu ni kubonyeza kitundu cha kurejesha ruta ilivyotoka kiwandani. Kuzima ruta na kuiwasha ni jambo jema na halidhuru. Kitundu ni habari nyingine: kinafuta jina na nywila ambavyo nyumba nyingi hutumia kumfikia mtoa huduma. Nimeingia nyumba ambazo taa nyekundu iliyoandikwa LOS, yaani mwanga wa faiba haufiki, ilikuwa ikiwaka tangu mwanzo. Waya ulikuwa umekatwa nje na wachimba mtaro, na sasa mwenye nyumba ana makosa mawili badala ya moja.

Mtoa huduma anayefunga ruta anapaswa kumwachia mwenye nyumba karatasi: jina na nywila ya laini, anwani ya ruta, na maana ya kila taa. Na mwenye nyumba afuate mpangilio tuliorithi kwa wazee wetu wa modemu: kompyuta kwanza, kisha ruta, kisha laini, kisha dunia. Akipiga simu akasema, "Ruta inanijibu, nje hapajibu," hakuna atakayemwambia abonyeze kitundu, na fundi atatumwa moja kwa moja pale waya ulipokatikia.