Boma la Songea na Kaburi la Mashujaa

Mji wa Songea ulianzia kwenye boma, yaani kituo cha jeshi na utawala kilichowekwa na Wajerumani mwaka 1897 ili kuitiisha nchi ya Wangoni, nacho kikapewa jina la Songea Mbano, nduna (mkuu wa vita chini ya nkosi, mtawala wa Wangoni) ambaye baadaye Wajerumani hao hao ndio waliomnyonga. Tarehe 27 Februari 1906, Vita vya Maji Maji vya kupinga utawala wa Wajerumani vikiwa havijaisha, walinyongwa mashujaa wengi, akiwemo Nkosi Mputa Gama, na miili yao ikafukiwa katika kaburi la pamoja lililopo eneo la Mahenge mjini Songea. Nduna Songea, aliyenyongwa siku chache baadaye, ana kaburi lake peke yake, na inaaminika kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani.