Kaskazi, Kusi na Adabu ya Kungoja

Mtu anayepanga kuja kupumzika Lamu au Unguja leo huulizwa ana siku ngapi. Zamani angeulizwa anakuja kwa upepo gani.

Kwa karne nyingi, majahazi ya Oman, Hadhramaut, Ghuba na Bara Hindi yalishuka pwani hii kwa kaskazi, ivumayo takriban tangu Disemba hadi Machi. Yalirejea kwa kusi, ilipoanza kushika mnamo Aprili, kabla ya ukali wa Juni na Julai uliofunga bahari. Wenyeji nao walihesabu siku tangu Nairuzi kwa miongo, yaani kumi kumi, na kwa hesabu hiyo wakajua wakati wa kulima na wa kutweka tanga. Makunduchi hadi leo huukaribisha mwaka huo kila Julai, kwa sherehe za Mwaka Kogwa.

Aliyeidharau kalenda hii alilipa. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa na mtawala wa mji, akafika pwani ya Kalikuti kwa siku zipatazo 23. Kurudi hakungoja kaskazi. Aliivuka bahari ile ile kwa takriban miezi mitatu, mabaharia wapatao 30 wakafa kwa kiseyeye, na Januari 1499 akaichoma moto meli yake moja, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Lakini upepo haukufundisha woga tu; ulifundisha ujirani. Mgeni aliyefika kwa kaskazi hakuwa na njia ya kuondoka kesho yake. Alipanga chumba, akauza tende na mazulia, akanunua boriti na pembe, akaswali safu moja na mwenyeji, pengine akaoa. Kiswahili akajifunza kwa haja. Methali yetu ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu ni maneno ya watu waliozoea wageni wakaao.

Leo ndege hutua kwa upepo wowote, ila misimu haikuhama. Januari na Februari kuna jua kali na mvua haba. Aprili na Mei ni masika, na hoteli kadhaa hufunga milango. Julai na Agosti kuna ubaridi, na kusi huchafua bahari ya mashariki. Kisha, kabla ya mvua za vuli, hupatikana siku za utulivu ambazo wavuvi huzipenda.

Basi, msomaji, ukimwalika rafiki wa mbali, usimchagulie mwezi wa jua peke yake. Mwombe aongeze siku. Mji uliojengwa na watu waliongoja upepo hauonekani kwa mgeni mwenye haraka.