Nairobi Magharibi

Nairobi Magharibi ni sehemu ya jiji inayopanda kutoka katikati ya mji, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kuelekea Westlands, Kileleshwa, Lavington, Kangemi na Dagoretti. Udongo wake ni mwekundu wa volkano, unaopitisha maji na kustawisha kahawa. Mashariki ni mweusi, unaonata miguuni mvua inyeshapo. Julai baridi huuma. Jua laweza kujificha mchana kutwa, na wauza mahindi barabarani hujikunyata karibu na majiko yao.

Zamani Wamasai walinywesha mifugo katika mito ya eneo hili, Wakikuyu wakalima Dagoretti, ambako Mwingereza Lugard alijenga ngome mwaka 1890 baada ya kuapishana na kiongozi wa Wakikuyu, Waiyaki wa Hinga. Reli ilifika 1899, kambi ya wajenzi wake ikasimamishwa penye kinamasi. Mji ulipokua, Wazungu walijitengea miinuko yenye hewa safi, Waafrika wakasukumwa Pumwani, upande wa mashariki. Mgawanyo huo ulipangwa kwa makusudi, na dhuluma yake ingali inaonekana: Lavington yenye bustani pana imepakana na Kawangware, ambako familia nzima hulala katika chumba kimoja cha mabati.